Temeke Bwana! Huku Hodi Ndiyo Dawa ya Kwanza

Hebu tuulizane wenyewe kwa wenyewe, vijana wa jiji. Mara ya mwisho umekwenda lini Temeke bila kufuata mpira? Usinidanganye! Wengi wetu Temeke tunaijua siku Simba na Yanga wanapokutana. Tunateremka na jezi zetu pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, tunapiga kelele mpaka koo linakauka, na filimbi ya mwisho ikilia huyoo, kila mtu anarudi kwao na ubishi wake. Temeke yenyewe tunaiacha palepale, kama mtu aliyealikwa harusini, akala pilau, akaondoka bila kumwona bibi harusi.

Sasa wiki hii safu yako inakupeleka Temeke ya siku ya kazi. Hakuna kiingilio, hakuna jezi. Vaa viatu vya kutembelea, maana huku ndani gari halifiki kila mahali. Tunakwenda kuangalia kitu ambacho hakipo kwenye picha za kutangaza jiji, nacho kimekuwepo Chang'ombe tangu mwaka 1992, wakati baadhi yetu hata kuzaliwa hatujazaliwa.

NJIA YA KEKO

Daladala la kutoka Kariakoo linajaa kabla hujajua kama umekaa au umekaliwa. "Sogea nyuma, anko, nyuma kweupe!" konda anaapa, wakati nyuma kwenyewe watu wamebanana kama dagaa kwenye mfuko. Unatoa nauli yako, unashikilia bomba, safari inaanza.

Ukifika Keko utadhani jiji zima linahamia nyumba mpya siku moja. Vitanda, makabati, makochi na meza za vioo vimepangwa kandokando ya barabara, mafundi wanapiga randa na msasa hapohapo, vumbi la mbao linakuingia puani. Mabwana harusi wengi wa jiji hili wamepita hapa kupatana bei ya kitanda cha sita kwa sita. Jirani tu na vitanda hivyo vya raha lipo Gereza la Keko. Ndiyo Dar hiyo! Mmoja anachagua godoro, mwingine upande wa pili wa ukuta anahesabu siku.

Unaipita VETA, unaingia Chang'ombe. Hapa kuna walimu wanaosomea kazi yao pale DUCE, kuna viwanja viwili vya mpira vinavyotazamana kama baba na mtoto. Huyo baba ndiye Uwanja wa Uhuru, ambako usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya mkoloni ilishushwa na ya Tanganyika ikapanda. Kwa hiyo mtu wa Temeke akikuambia kwao ni nyumbani kwa Uhuru, mkubalie tu, hajakosea.

Na usisahau muziki. Mchiriku wa vinanda vya Casio ulizitikisa mitaa ya pembeni mwa jiji miaka ya tisini, baadaye akina Juma Nature na wenzake wa TMK wakaibeba herufi tatu za wilaya yao mpaka zikajulikana Afrika Mashariki nzima. Watu zaidi ya milioni 1.3 wanaishi Temeke kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, hiyo ni baada ya Kigamboni kukatwa na kuwa wilaya yake. Sasa jiulize, watu wote hao wanalala wapi?

VYUMBA SITA, UKUMBI MMOJA

Wanalala kwenye nyumba ya Kiswahili, bwana. Vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, uani choo kimoja, bomba moja na kamba za kuanikia nguo. Kila chumba familia yake. Baba, mama, watoto wanne, shemeji aliyekuja kutoka mkoani kutafuta maisha, wote wanagawana futi kumi kwa kumi. Pazia ndilo ukuta wa wakubwa na wadogo.

Mara nyingi nyumba zenyewe hazina dari, na kuta za ndani haziendi mpaka juu kwenye bati. Ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha sita wanakupa pole. Ukikaanga samaki, nyumba nzima inajua mwezi kwako umeandama. Huo ndio utamu wa uswahilini, na waliokulia huku wakihamia kwenye majumba yenye geti wanaukumbuka.

Lakini fikiria sasa, msomaji wangu, wewe ni mpangaji wa chumba cha nne. Umepima, umeambiwa una virusi vya UKIMWI. Kila siku unatakiwa umeze kidonge. Kopo la vidonge ukilitikisa kidogo tu linalia kacha kacha. Mwenye nyumba anakaa chumba cha kwanza. Mumeo hajui. Shemeji anapekua kila kitu. Utaliweka wapi hilo kopo?

Swali hilo dogo la kopo ndilo lililonileta huku.

ENZI ZA MIWAYA

Kwanza turudi nyuma kidogo, maana vijana wa leo wanadhani vidonge vilikuwepo siku zote.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Kule watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la vitambaa vya biashara vilivyokuwa vikiingia kutoka Uganda. Kufika mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa. Ulipofika Dar, sisi watu wa mjini tukaufanyia kile tunachokiweza, tukaupa majina. Ngoma. Umeme. Mdudu. Mtu akikonda watu wanakonyezana, "huyo kakanyaga miwaya". Wengine wakaifanyia herufi za AIDS mzaha wa Acha Iniue Dogodogo Siachi, wakacheka mpaka machozi. Baada ya hapo machozi yalikuja bila kicheko.

Kaka zetu waliokuwa vijana miaka hiyo watakuambia Jumamosi ilikuwa siku ya kuchagua uende msiba upi. Mgonjwa alirudishwa kwao kijijini akafie huko, au alilazwa chumba cha nyuma akawekewa sahani yake peke yake na kikombe chake peke yake. Ndugu walimwogopa kumshika mkono. Alipokufa, waliobaki waligombea redio na kitanda, na watoto wakagawanywa kwa mashangazi kama vyombo vya ndani.

Basi katika miaka hiyohiyo, mwaka 1992, kikundi kidogo cha watu waliokuwa wakiishi na virusi kilijikusanya Dar es Salaam. Hawakuwa na dawa, kwa sababu dawa zenyewe hazikuwepo. Walikuwa na shida zinazofanana na hamu ya kuzungumza na mtu asiyewakimbia. Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam likawapokea, na kutoka kwenye mkusanyiko huo ikazaliwa taasisi inayoitwa PASADA, yenye makao yake hapa Chang'ombe, Temeke.

Jina refu la PASADA limetokana na Kiingereza, lakini maana yake nyepesi tu, ni shughuli za kichungaji na huduma kwa watu wenye UKIMWI za jimbo hilo. Na usije ukadhani ni lazima uwe na rozari shingoni ndipo uhudumiwe. Temeke ni ya Waislamu wengi, na virusi havijawahi kumuuliza mtu dini yake. PASADA nayo haiulizi.

KABLA YA KIDONGE

Utaniuliza, kama dawa hazikuwepo, walikuwa wanasaidia nini? Swali zuri sana.

Walikuwa wanabisha hodi. Mtu anakuja mpaka chumbani kwako, anakaa kwenye kigoda, anakuuliza umekula nini, umelalaje. Anakusafisha vidonda. Anatibu kile kinachotibika, maana mgonjwa wa UKIMWI mara nyingi humalizwa na kifua kikuu, kuharisha au utando wa mdomoni, na magonjwa hayo yana dawa zake. Anazungumza na mama yako mzazi mpaka akubali kukupa chakula kwenye sahani ya wote. Na wewe ukishaondoka, kuna mtu anayekumbuka kwamba umeacha watoto wanaotakiwa kwenda shule.

Hapo ndipo Kanisa Katoliki lilipokuwa na mtaji ambao hauuzwi dukani. Waumini wake wamejipanga kwa jumuiya ndogondogo, kaya chache za mtaa mmoja zinazokutana nyumba kwa nyumba kila wiki kusali. Ni kama ile nyumba kumi kumi ya balozi, ila hii ina nyimbo. Jumuiya inajua nani hajaonekana wiki mbili, nani amefiwa, nani anakohoa usiku. Ukiwa na watu wa kujitolea wanaojua uchochoro hadi uchochoro, huna haja ya ramani.

Miaka hiyo vidonge vya Ulaya vilikuwa hadithi tu. Karibu na mwaka 2000 dawa za mgonjwa mmoja kwa mwaka zilikuwa zinagharimu kiasi cha dola 10,000 na zaidi. Nani Temeke angezinunua? Hata mwenye nyumba mbili za kupangisha angeuza zote na zisingetosha. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitokeza na bei ya dola 350 kwa mwaka, dunia ikashtuka. Mwaka 2004 serikali yetu ikaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bure. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe wakapima hadharani pale Mnazi Mmoja, na mamilioni ya Watanzania wakafuata.

MAMA WA HODI

Leo ni kidonge kimoja kwa siku. Kimoja tu! Ukikimeza vizuri virusi vinafubaa mpaka kipimo hakivioni, na vikifika hapo humwambukizi mwenzako kwa tendo la ndoa. Mama mjamzito mwenye virusi asipopata dawa, hatari ya mtoto kuambukizwa ni kati ya asilimia 15 na 45. Akipata huduma yote inavyotakiwa, hatari inashuka chini ya asilimia 5. Sasa mambo si yamekwisha? Hodi za nini tena?

Swali hilo nilimpelekea mama mmoja, mtu mzima, mmoja wa wanawake wanaojitolea kutembelea wagonjwa katika mitaa ya Temeke. Nilimkuta kwenye genge lake la nyanya na dagaa, kajifunga kanga kiunoni, anapanga mafungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka mafungu mangapi?"

Nikamweleza shida yangu. Akacheka.

"Mwanangu, kidonge hakijimezi," akaniambia. "Mtu anaacha dawa, hospitali wanasema mkaidi. Mimi naenda kwake nakuta sufuria imegeuzwa. Hajala tangu jana. Atameza nini na tumbo lenyewe linaungua? Mwingine anachukua dawa mbali kwa kuogopa majirani, nauli hana. Mwingine mume hajui. Sasa hapo utamgombeza au utamsaidia?"

Nikamuuliza kuhusu lile kopo linalolia.

"Pamba," akasema. "Unaweka pamba ndani, halilii. Au unahamishia kwenye mfuko wa kitambaa, unachanganya na vitu vya kike, mwanaume hapekui huko." Akanitazama kama anayepima kama naweza kutunza siri. "Lakini siku moja ukweli lazima usemwe. Kazi yangu ni kukaa naye mpaka siku hiyo ifike, na ikifika awe hayuko peke yake."

Akaniambia pia kwamba hawezi kwenda kwa mgonjwa kama anayekwenda kukagua. Anaingia kama jirani. Anabeba mafungu ya nyanya, anauliza habari za watoto, anazungumza bei ya mkaa. Wapangaji wengine wanajua amekuja mama wa nyanya. Akishafunga pazia ndipo maneno yanaanza. Nilivyomsikiliza nikaona huyu mama anajua kutunza siri kuliko benki nyingi za mjini.

FAMILIA KWANZA

Hapa ndipo penye uhondo wa kazi hii. PASADA haikuishia kwa mgonjwa. Kuna ushauri nasaha na kupima, kuna matibabu, kuna huduma za majumbani, kuna matunzo ya kupunguza maumivu kwa yule ambaye hali imekuwa mbaya, na kuna msaada kwa watoto yatima na wale wanaoishi katika mazingira magumu. Yaani wanaiona nyumba nzima.

Na ina mantiki yake. Mama akiugua, anayekatishwa shule kwanza ni binti mkubwa, ili apike na kuuguza. Binti huyo akikaa nyumbani bila shilingi, baada ya muda anajitokeza mwanaume mwenye chipsi kuku na vocha. Hadithi iliyobaki unaijua mwenyewe. Kwa hiyo unapomlipia binti sare na daftari, unamsaidia yeye, unampa mama yake usingizi, na unaukatia ugonjwa njia ya kuingia nyumba ileile mara ya pili. Hiyo ndiyo hesabu ya watu wa afya ya jamii, na ukiiangalia vizuri ni hesabu ya bibi yeyote mwenye akili.

Halafu kuna kundi linalotuhusu sisi moja kwa moja. Watoto waliozaliwa na virusi miaka ileile dawa za bure zilipokuwa zinaanza, leo wana miaka ishirini na kitu. Ni rika letu! Wamo vyuoni, wamo Kariakoo wanauza simu, wamo kwenye daladala wananing'inia mlangoni. Wamemeza dawa tangu utotoni kwa kosa ambalo hawakulitenda. Sasa wamefika umri wa kupenda na kupendwa. Anamwambiaje mwenzake? Lini? Kwa maneno gani? Na huyo mwenzake ndiye wewe unayesoma hapa, uliyekulia kwenye vichekesho vya "kakanyaga miwaya".

FEDHA ZA WATU

Nisikufiche, shughuli hizi zinakula fedha, na fedha nyingi za vita ya UKIMWI nchini zimekuwa zikitoka nje. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha ghafla misaada yake kwa nchi za nje ili iipitie upya, na kufika Julai mosi mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi. Kwa nchi yetu, ambayo ina watu wapatao milioni 1.7 wanaoishi na virusi, huo si utani. Mashirika mengi yanayofanya kazi hizi yalipunguza watu. Na mara nyingi anayepunguzwa kwanza ni yule asiye na ofisi, yaani mtu wa kutembea mtaani.

Utasema, lakini kidonge si kipo? Kipo. Rudi kwa yule mama wa genge ukamwulize tena. Kidonge hakijimezi.

Kuna habari njema pia, tusiwe watu wa kulia tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 na 2004 ulikuta asilimia 7 ya watu wazima wana virusi. Ule wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 4.4. Kushuka huko kumetokana na jasho la watu wengi, wengine wamekwisha kufa bila kuiona siku hii. Lakini utafiti huohuo wa karibuni ulikadiria maambukizi mapya yapatayo 60,000 kwa mwaka. Uwanja mzima wa Mkapa, kiti hadi kiti, kila mwaka. Tafakari hilo kabla hujasema UKIMWI ni mambo ya zamani.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Usiniambie huna fedha, sijakuomba. Nakupa mambo matatu ya bure.

Kwanza, kapime. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu yako na inakataza kumnyanyapaa mwenye virusi. Tangu sheria hiyo irekebishwe mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kusubiri ruhusa ya mzazi, na kujipima mwenyewe kumeruhusiwa. Kisingizio kimebaki kipi?

Pili, yale majina tuyazike. Umeme, miwaya, mdudu. Katika kila kijiwe cha watu ishirini kuna uwezekano mkubwa kwamba mmoja wao anacheka na nyinyi huku moyo unamuuma, na usiku ataacha kumeza dawa kwa ajili ya utani wako.

Tatu, kama kwenye nyumba unayopanga kuna mtu hajatoka chumbani siku tatu, usisubiri padri, shekhe wala mtu wa PASADA. Nunua fungu la nyanya, beba mkaa kidogo, nenda mlangoni kwake ubishe hodi. Akikuambia karibu, ingia ukae. Usiulize anaumwa nini. Uliza amekula nini.

Na ukitaka kuiona Temeke yenyewe, siku ya kawaida ndiyo nzuri, mchana baada ya adhuhuri, wakati mafundi wa Keko wamelala juu ya makochi ya wateja na kahawa ya vikombe vidogo inazunguka vijiweni. Ukipotea njia, uliza. Huku watu wanakusindikiza mpaka mlangoni.

Kwa leo niishie hapa, konda anagonga bodi la gari. Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa!